Kinyago Ukutani: Sembène na Lugha ya Picha

Redio haina picha. Hata hivyo, makala yetu ya leo inahusu ukuta mmoja mweupe na kinyago kimoja kilichotundikwa juu yake.

Ukuta huo umo katika filamu iitwayo La Noire de..., iliyotolewa mwaka 1966 na Ousmane Sembène wa Senegal. Wanahistoria wengi wa sinema huihesabu kuwa filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka huo huo ilipata tuzo ya Jean Vigo nchini Ufaransa na tuzo kuu ya tamasha la Carthage nchini Tunisia.

Sembène alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923. Alipata kuwa kuli katika bandari ya Marseille, kisha mwandishi wa riwaya, na kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa reli kilimpa sifa kubwa. Lakini wengi wa wale aliowaandikia hawakuweza kusoma Kifaransa. Basi, akikaribia umri wa miaka 40, alikwenda Moscow kujifunza sinema chini ya mwongozaji Mark Donskoy. Alitafuta lugha ambayo hata asiyejua kusoma angeielewa.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Kwa amri ya mwaka 1934, iliyobeba jina la Pierre Laval, waziri wa makoloni wa wakati huo, hakuna aliyeruhusiwa kupiga filamu katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika bila kibali cha serikali. Mwaka 1955 Paulin Vieyra na wenzake walilazimika kuitengeneza filamu yao fupi, Afrique-sur-Seine, mjini Paris. Sura za Waafrika zilionekana katika sinema miaka yote hiyo. Ila kamera isimame wapi, na imtazame nani kutoka juu au kutoka chini, liliamuliwa na wengine.

Kwamba Sembène alilielewa jambo hilo kunadhihirika katika filamu yake fupi ya mwaka 1963, Borom Sarret, yenye urefu wa dakika 20 hivi. Mwendesha mkokoteni anatoka katika mtaa wa wanyonge mjini Dakar na kuingia mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Askari anamsimamisha. Nishani ya mwendesha mkokoteni inaanguka chini, na buti la askari linaikanyaga. Kamera imewekwa chini, karibu na ardhi, hivyo askari anaonekana mrefu kama mnara. Hahitajiki mtu wa kutueleza nani ana nguvu.

Katika La Noire de... ufundi huo umekomaa. Hadithi yake, ambayo Sembène aliiandika kwanza kama hadithi fupi, ilitokana na habari ya kweli iliyochapishwa gazetini nchini Ufaransa mwaka 1958. Diouana, msichana wa Dakar aliyechezwa na Mbissine Thérèse Diop, anaajiriwa na familia ya Kifaransa kulea watoto. Kwa furaha anawapa waajiri wake kinyago cha kuvaa usoni. Nyumbani kwao Dakar kinyago hicho kinawekwa pamoja na vingine, kimoja kati ya vingi. Baadaye familia inamwita Diouana katika nyumba yao ya ghorofani huko Antibes, kusini mwa Ufaransa, na hapo tunakikuta tena kinyago chake: peke yake, cheusi, katikati ya ukuta mweupe mtupu.

Filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na nyumba nzima imepangwa kwa rangi hizo hizo. Kuta ni nyeupe, bafu ni jeupe. Diouana akisimama mahali popote, mwili wake unajitenga na kila kilichomzunguka, sawasawa na kinyago. Katika toleo moja la awali, safari yake ya gari kutoka bandarini kando ya bahari ilikuwa ya rangi kamili, kisha rangi ikatoweka. Mimi naona toleo lisilo na rangi kabisa lina nguvu zaidi, kwa kuwa halimwahidi mtazamaji lolote.

Linganisha pia nafasi. Anapokumbuka Dakar, tunaona barabara pana, anga, na Diouana akitembea na kijana wake. Huko Antibes, Ufaransa yake ni jiko, sebule, bafu na chumba cha kulala. Akitazama dirishani usiku, haoni ila giza. Kinywa chake karibu hakifunguki mbele ya waajiri. Mawazo yake tunayasikia kwa sauti ya mwigizaji mwingine, Toto Bissainthe wa Haiti, iliyotiwa baadaye. Msichana aliyenyimwa usemi anasemewa na kuta, gauni lake nadhifu, na viatu vya visigino ambavyo bibi mwenye nyumba hataki avivae kazini. Wasikilizaji wetu wanaojua habari za mabinti wanaokwenda kutumika katika majumba ya Ghuba hawatahitaji tafsiri.

Siku moja Diouana anakiondoa kinyago ukutani. Bibi anakishika, naye Diouana hakiachii, wanazunguka wakivutana. Ni tendo dogo, lakini jicho la mtazamaji limekizoea kinyago hicho mahali pake, na ukuta uliobaki mtupu unashtua kuliko kelele zao. Baada ya hapo Diouana anafunga sanduku lake, anaingia bafuni, na kujiua. Sembène haongezi maneno: kuna bafu jeupe, mwili mweusi, na damu ambayo katika filamu hii haina wekundu.

Bwana mwenye nyumba anakwenda Dakar kurudisha kinyago na mshahara. Mama mzazi anakataa fedha. Mtoto wa kiume anakichukua kinyago, anakivaa, na kumfuata yule Mfaransa nyumanyuma, hatua kwa hatua, naye anaongeza mwendo huku akigeuka kutazama, mpaka anaingia garini na kuondoka. Kisha mtoto anakishusha kinyago taratibu, uso wake unajaza picha nzima, na macho yake yanatutazama sisi.