Walitafuta vumbi la vimondo, wakakuta dawa ya wadudu

Mwaka 1965 watafiti kutoka Uingereza walitundika nyavu za nailoni kwenye pwani ya Barbados, upande unaopigwa na upepo. Walichotaka ni vumbi la vimondo, chembe ndogo zinazoshuka duniani kutoka anga za mbali. Kisiwa hicho kiko mashariki kabisa mwa Karibi, na kati yake na Afrika ni bahari tupu, zaidi ya kilomita 4,000. Hapo, walidhani, hewa haiwezi kuwa na uchafu wa nchi kavu. Nyavu zikageuka rangi ya udongo mwekundu. Vumbi lilikuwa limetoka Afrika.

Lingeishia hapo kama isingekuwa Robert Risebrough, mtafiti wa California, na wenzake. Walilichukua vumbi lile na kulipima kwa jambo jingine kabisa. Mwaka 1968 wakatangaza katika jarida la Science kwamba lina DDT na dieldrini, viuatilifu vilivyopuliziwa mashamba ya mabara ya upande wa pili wa bahari. Kwa makadirio yao, upepo ulikuwa unamwaga katika Atlantiki ya tropiki kiasi cha viuatilifu kinacholingana na kile kinachoingizwa baharini na mito mikubwa.

Msomaji wa mwambao atajiuliza ajabu iko wapi. Kaskazi na kusi zimevusha majahazi kati ya Maskati na Lamu karne nyingi, sembuse vumbi. Lakini wakati ule wengi walidhani kiuatilifu hubaki shambani kilikopulizwa, na kikihama sana kitafuata mto. DDT haichanganyiki na maji kirahisi, haiozi upesi, na ilionekana nzito mno kusafiri hewani. Ukaidi huo wa kutooza ndio ulioipa sifa. Paul Müller alipogundua mjini Basel mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, kilichomvutia ni kuwa sehemu iliyopuliziwa huendelea kuua kwa muda mrefu. Mwaka 1948 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Dalili nyingine zilikuwa zimeshaanza kujitokeza. Mwaka 1966 DDT iliripotiwa katika miili ya pengwini na sili wa Antaktika, bara lisilo na shamba hata moja. Mwaka huohuo Msweden Sören Jensen, aliyekuwa akipima DDT kwenye samaki na ndege, alitegua kitendawili kilichokuwa kimemsumbua: alama ngeni zilizokuwa zikichomoza kila mara kwenye karatasi za mashine yake. Hazikuwa za kiuatilifu chochote, maana alizikuta hata katika manyoya ya tai yaliyohifadhiwa tangu kabla DDT haijaenea nchini mwake. Zilikuwa za PCB, kemikali za viwandani zilizotiwa kwenye mafuta ya transfoma. Akapima nywele za mkewe na za binti yao mchanga, nazo akazikuta humo.

Nyavu za Barbados zilikuwa na kasoro moja kubwa: zilinasa vumbi tu. Mvuke ulipita bila kuguswa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1974, Terry Bidleman na Charles Olney wa Chuo Kikuu cha Rhode Island walitumia kitu ambacho wengi wetu tunakilalia, yaani sponji ya aina ya godoro. Pampu ilivuta hewa ya bahari ya Sargasso ikapita kwanza kwenye chujio la nyuzi za kioo, lililozuia vumbi, kisha kwenye vipande vya sponji. Sehemu kubwa ya sumu ilipenya chujio na kunaswa kwenye sponji. Kumbe msafiri mkuu hakuwa vumbi. Kwa maoni yangu, kipande hicho cha sponji ndicho kilichogeuza mkondo wa historia hii, ingawa hakitajwi sana.

Anayejua gongo inavyopikwa hahitaji maelezo marefu hapa. Penye moto mvuke hupanda, penye baridi hurudi kuwa maji. Kemikali hizi hupanda kutoka kwenye udongo wa nchi za joto, hupeperushwa, hutua zikikuta ubaridi, hupanda tena jua likiwaka, na kila mruko huzisogeza kuelekea kwenye ncha za dunia, ambako joto la kuziinua upya ni haba. Edward Goldberg aliligusia wazo hilo mwaka 1975. Frank Wania na Donald Mackay wakalipa hesabu zake mwaka 1993.

Katikati ya hapo, mwaka 1979, vifaa vya kunasia hewa vilipelekwa Enewetak, kisiwa cha matumbawe katika Pasifiki ambako Marekani ilikuwa imelipua mabomu ya nyuklia. Elliot Atlas na C. S. Giam walikuta PCB, DDT na kiuatilifu kingine, HCH, hata huko, mbali na kiwanda chochote.

Pigo zito zaidi lilitoka Kanada. Daktari Éric Dewailly alikuwa akipima maziwa ya akina mama wa Quebec, akahitaji maziwa safi ya kulinganishia. Akawaendea Wainuit wa Nunavik, kaskazini ya mbali, kusiko na viwanda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kwamba maziwa yao yalikuwa na PCB takriban mara tano ya yale ya akina mama wa kusini. Sumu hizi hukaa katika mafuta ya mwili, na hulimbikizana kila samaki anapoliwa na sili, na sili anapoliwa na mtu. Wainuit hula sili na nyangumi kama babu zao walivyokula, na duka la vyakula vya kusini halina bei ya kumvutia mtu wa huko.

Januari 1999 shauri hilo lilifika Nairobi, makao ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kwenye duru ya pili ya mazungumzo ya mkataba wa kudhibiti sumu hizi. Sheila Watt-Cloutier, kiongozi wa Wainuit, alimkabidhi mkuu wa shirika hilo, Klaus Töpfer, kinyago kidogo cha mama na mtoto. Mkataba ulipitishwa Stockholm Mei 2001 ukianza na kemikali 12, na ukaanza kufanya kazi Mei 2004. Ndani yake mna kipimo cha safari ya hewani: kemikali ambayo nusu yake huchukua zaidi ya siku mbili kuharibika hewani huhesabika kuwa inaweza kusafiri mbali. DDT iliachiwa mlango kwa ajili ya mbu wa malaria, na sioni vipi nchi zetu zingekubali vinginevyo.

Siku hizi kunasa sumu hakuhitaji hata pampu. Mabakuli mawili ya chuma kisichoshika kutu hufunikizwa yakiacha mwanya, ndani kukawekwa duara la sponji, yakatundikwa wiki kadhaa. Kimoja cha vituo vinavyotumia vifaa hivyo kiko Mlima Kenya, zaidi ya meta 3,600 juu ya bahari, kwa ushirikiano na chuo kikuu cha Brno, Jamhuri ya Cheki. Mtafiti akishapata kipimo, hutumia kumbukumbu za hali ya hewa kuurudisha upepo nyuma, siku baada ya siku, hadi ulikopita. Kwa njia hiyo kituo cha Zeppelin huko Svalbard, katika Aktiki, kilihusisha kupanda kwa PCB mwaka 2004 na moto wa misitu ya Alaska: miti ilikuwa imeihifadhi, moto ukaifungulia.

Kupungua nako huonekana. China ilipoacha kuzalisha HCH mwaka 1983, kiwango chake katika hewa ya Aktiki kilishuka upesi. Maji ya bahari yaliyokwisha kuifyonza yakageuka kuwa chanzo, yakaanza kuirudisha hewani. Mwaka 2011 watafiti waliochambua vipimo vya Zeppelin na vya Alert, kaskazini mwa Kanada, walionyesha kwamba barafu inayoyeyuka na bahari inayopata joto vinaachia tena sumu zilizotua miaka mingi iliyopita, nyingine zikiwa zimepigwa marufuku kabla baadhi ya watafiti hao hawajaanza kazi.