Tafakuri haikuja na ndege

Kuna ubishi unaendelea mjini, nadhani wengi wenu mmeshausikia. Upande mmoja wako wanaolipia programu ya simu iwafundishe kukaa kimya dakika kumi, macho wamefumba, sauti ya Mmarekani inawaambia wavute pumzi na kuiachia. Upande wa pili wako wanaosema hiyo meditesheni ni mlango wa mapepo na tuiache hukohuko India. Wanabishana kweli kweli. Lakini wasikilize vizuri utagundua kuna jambo wanakubaliana: kwamba kitu hiki kimetoka nje. Hapo ndipo nawakatalia wote wawili.

Twende Mtinko kwanza. Ni tarafa iliyo kaskazini ya mji wa Singida, Unyaturuni, nchi ya mtama, uwele, alizeti na ng'ombe, na ya mvua isiyo na uhakika. Miaka ya 1960 mtafiti Marguerite Jellicoe alifanya kazi miongoni mwa Wanyaturu, na mwaka 1967 akachapisha makala kuhusu sifa ambazo wazee walilielekezea jua. Aliichapisha katika Transition, jarida lililokuwa likitoka Kampala wakati huo. Mungu muumba Wanyaturu walimwita Matunda, na jua walilihusisha naye.

Sasa, sitasema kwamba wazee wale walikuwa wanafanya meditesheni. Sipendi kabisa tabia ya kuchukua kila kitu cha babu na kukibandika jina la kigeni ili kionekane cha maana. Wazee walikuwa na shida zao: mvua, mifugo, watoto, maradhi. Ninachokiona mimi ni kitu kidogo zaidi ya hapo. Mtu anaelekea upande mmoja, anatamka maneno aliyoyarithi, na kwa muda huo hafanyi kingine. Halafu jua, jamani, ndiyo saa pekee isiyohitaji kuchajiwa.

Baadaye mambo yalibadilika haraka. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walifika eneo la Singida miaka ya 1920, Wakatoliki nao wakawa na misheni zao, na Uislamu ulikuwa umeshaanza kupenya bara. Kisha miaka ya 1970 ikaja operesheni ya vijiji, watu wakahamishwa kutoka kwenye makazi ya zamani. Nionavyo mimi, maneno yale kwa jua yalipoteza wasemaji na yakapoteza pia mahali pa kusemewa.

Lakini huo Uislamu ulifikaje bara? Hapa inabidi tushuke kusini kidogo, kwenye njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Njia hiyo ndiyo iliyopeleka pembe za ndovu na watumwa pwani. Na ndiyo hiyohiyo iliyorudisha zikri bara.

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanaeleza jambo hili kuliko nadharia yoyote. Jina lake Yahya bin Abdallah, wengi walimjua kama Sheikh Ramiya. Asili yake ni Manyema, mashariki ya Kongo ya leo. Alitekwa akiwa mtoto, akafikishwa Bagamoyo, akanunuliwa na Mwarabu tajiri wa ukoo wa Lamki. Angalia hilo "bin Abdallah": mwana wa mja wa Mungu. Ni jina ambalo mara nyingi walipewa watu ambao nasaba yao ilikuwa imekatwa, hakuna aliyejua baba yao ni nani. Mtoto huyo alisoma, akaachwa huru, akawa mwanachuoni, na mpaka anafariki mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa viongozi mashuhuri kabisa wa tarika ya Kadiria katika Tanganyika.

Kadiria inachukua jina la Abdul Qadir al-Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Kazi yake kubwa ni zikri, yaani kumkumbuka Mungu kwa kulirudia jina lake. Mtu peke yake ana uradi wake, anausoma kwa tasbihi kwa nyakati maalumu, leo, kesho, mwaka mzima. Halafu ipo zikri ya pamoja, watu wamejipanga, jina linarudiwa mpaka sauti inashuka na kubaki pumzi tu. Pumzi! Kitu kilekile ambacho sauti ya simu inakifundisha leo.

Kila anayeingia tarika huingizwa katika silsila, orodha ya masheikh inayorudi nyuma mmoja baada ya mwingine mpaka kwa Mtume. Kwa Kiarabu silsila ni mnyororo. Hebu fikiria mtu aliyepita njia ile ya misafara, hana ukoo, halafu anapewa mnyororo wa namna hii. Siku hizi tunaimba "jitambue, jitambue" kama salamu. Kwa mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba yeye ni mali ya fulani, kujitambua lilikuwa suala zito, na jibu lake hakulipata kwa kukaa kimya wikiendi moja. Alilirudia kila siku, na penye kundi, akikosekana, kuna wa kumuulizia.

Ndiyo maana watawala hawakulichukulia kundi hilo kama mchezo. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka ilisambaa, hasa upande wa Lindi. Wajerumani walikuwa bado na jinamizi la Maji Maji ya 1905 hadi 1907, wakazidi kuziangalia tarika kwa wasiwasi. Watu wanaokutana usiku na kupumua kwa pamoja wanaweza kupatana mambo mengine pia. Na hofu hiyo haikuwa upuuzi mtupu, maana miaka mingi baadaye Sheikh Muhammad Ramiya, mwana wa Yahya na mrithi wake, alikuwa mmoja wa viongozi wa TANU Bagamoyo.

Wakristo nao wana lao. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na kanuni yao ya kugawa siku kwa kengele: sala, kazi, kusoma Maandiko polepole na kukaa nayo moyoni. Mwaka 1957 ikaanzishwa Hanga, kule Songea, jumuiya ya watawa Waafrika wanaofuata utaratibu huohuo. Sijui mtu anaanzaje kusema ukimya si wa Kikristo.

Na sayansi? Mwaka 2014 jarida la JAMA Internal Medicine lilitoa uchambuzi wa majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 3,500. Programu za kutafakari zilipunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi, lakini haukuonekana ushahidi kwamba zinashinda dawa au mazoezi ya mwili. Mimi matokeo hayo yananiridhisha, kwa sababu yanapunguza chumvi. Sheikh Ramiya hakuwa akitafuta usingizi mzuri.

Siku hizi zikri inashambuliwa na Waislamu wenyewe, kuna wanaoiita bidaa na kuwataka vijana waiache. Kanisani kuna wahubiri wanaowaogopesha watu na ukimya, kwamba akili ikitulia shetani anaingia. Kijana anayetoka Mtinko leo anaweza kuja Dar es Salaam akiwa ameshayasikia makatazo yote mawili, na sifa zile za jua hajawahi kuzisikia hata mara moja. Simu yake inampa siku saba za majaribio bure, baada ya hapo ni kwa dola.