Kawaida ya Nani?

Karatasi niliyopewa baada ya kipimo cha utumbo mpana iliniagiza nianze na uji mwepesi, supu na wali, kisha nirudi taratibu kwenye chakula cha kawaida, isipokuwa daktari aseme vinginevyo. Kabla ya kipimo nilikatazwa dona, maharage, mboga za majani na pasheni, maana maganda na mbegu hubaki utumboni na kumzuia daktari kuona. Nimefundisha historia miaka mingi, nikajiuliza: kawaida ya nani, na ya lini?

Kawaida ya bibi yangu, Dodoma, ilikuwa uwele na mtama. Alitwanga kinuni, akapepeta, akamalizia kwenye jiwe akiwa amepiga magoti. Unga ulitoka na chembechembe za ganda, ugali ukawa wa kijivu, ukiteremshwa kwa mlenda na kunde. Mjini tulikuta mashine ya kukoboa. Mahindi hupita humo kwanza, ganda na kiini hutoka kama pumba za kuku na ng'ombe, ndipo yasagwe. Mwenye kutaka sembe hulipia kukoboa na kusaga. Wa dona hulipia kusaga tu. Hata hivyo sembe ndiyo iliyopata heshima mezani, na dona likaachiwa shule za bweni na magereza. Mgeni akija, ni aibu kumwekea dona.

Wakati huo huo, jirani zetu Uganda walikuwa wakiwafundisha madaktari jambo. Hugh Trowell, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1929, alitoa kitabu mwaka 1960 akiorodhesha maradhi ambayo hakuyaona sana kwa Waafrika. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliuendeleza uchunguzi huo baada ya kurudi Uingereza. Aliziandikia hospitali za misheni barani Afrika akiuliza wanaona nini. Kisha yeye na wenzake wakawamezesha watu punje ndogo za plastiki zinazoonekana kwa eksirei, wakakusanya choo na kukipima. Matokeo yalitoka mwaka 1972: kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita kwa takriban saa 36, kwa wanamaji wa Uingereza na wake zao, zaidi ya saa 80. Choo cha wanakijiji kilikuwa kizito zaidi ya mara nne. Burkitt alisema siri ya tofauti hiyo, na ya uchache wa maradhi yale, ni nyuzinyuzi za chakula.

Alikosolewa, na kwa haki. Vijijini wengi walikufa kabla ya umri wa saratani ya utumbo, na wengi hawakupimwa kamwe. Lakini msingi wake umesimama: ushauri wa leo kuhusu nafaka zisizokobolewa unamwelekea yeye, na yeye alijifunza kwa walaji wa matoke, viazi vitamu na maharage. Inaniuma kwamba somo lililotoka kwenye vyungu vyetu tunaletewa leo kama ugeni kutoka Ulaya.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitoka kwenye kipimo kunywa uji wako na usikilize wauguzi, hasa kama umekatwa kinyama kilichoota utumboni. Tumbo likitulia na daktari akikuruhusu, peleka mahindi mashineni, mwambie kijana asikoboe.