Mizizi ya bibi na kidonge cha sukari

Najua nimepotea kitambo. Nilikuwa likizo nyumbani, Kalangalala, pale pale Geita mjini, na nimerudi chuo na stori ambayo bado inanisumbua.

Bibi yangu ana kisukari. Nimefika tu, nakuta sufuria ya mizizi inachemka jikoni. Kumbe vidonge vyake vya metformini kaviacha wiki tatu! Asubuhi tukampima kabla hajala: 17, wakati inatakiwa isizidi 7. Nikaanza kulalamika. Bibi akanijibu taratibu, "Mjukuu wangu, mizizi ni ya babu zetu. Hivyo vidonge ni vya Wazungu."

Basi bwana, hapo historia ikanipanda kichwani. Nikamwambia, bibi, hicho kidonge nacho asili yake ni majani! Ulaya kuna mmea unaitwa Galega officinalis. Watu waliutumia kama dawa tangu Zama za Kati, japo kondoo wakiula sana wanakufa. Mwaka 1918 ikaonekana kwamba guanidini, kemikali ya jamaa moja na zile za mmea huo, inashusha sukari kwa wanyama, ila ni sumu. Mwaka 1922 wanakemia wa Dublin wakatengeneza metformini, ndugu yake aliye mpole. Ikakaa kabatini mpaka 1957, daktari Mfaransa Jean Sterne alipotangaza matokeo yake kwa wagonjwa.

Na kwetu je? Muhimbili ilianzisha kitengo cha kutafiti dawa za asili mwaka 1974, kikawa taasisi kamili 1991. Sheria ya tiba asili ikaja 2002. Halafu 2011, Geita ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mwanza, nchi nzima ikahamia Loliondo. Pale Samunge, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe cha mugariga kwa shilingi 500. Mwenye kisukari na mwenye Ukimwi walikunywa dawa ile ile, mara moja tu, basi.

Mimi sidharau mizizi, jamani. Kati ya mmea na dawa kuna kitu kimoja: kipimo. Maabara inaweza kukuta mzizi una antioksidanti na unashusha sukari ya panya. Lakini panya si bibi. Anywe kiasi gani? Figo zitapona? Na kama unashusha kweli, akichanganya na vidonge bila daktari kujua, sukari inaweza kushuka mno akaanguka.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akameza kidonge. Kisha akauliza, "Jani lao walilipima. Huu mzizi wangu mtaupima lini?"

Wadau mnaosoma kemia na famasia, swali hilo ni lenu. Mimi wa historia nimeishiwa jibu, ngoja niwahi kipindi.