Mtoto wa Ilyamchele, watoto wa Buhangija

Jumapili ya Februari 15, 2015, watu wenye mapanga walivamia nyumba moja katika kijiji cha Ilyamchele wilayani Chato, wakamjeruhi mama na kumpora mtoto wake wa mwaka mmoja mwenye ualbino. Mwili ulipatikana siku mbili baadaye, mikono na miguu imekatwa. Mwezi mmoja tu kabla yake, Serikali ilikuwa imetangaza kuwapiga marufuku waganga wa ramli.

Mauaji ya watu wenye ualbino yalishika kasi Kanda ya Ziwa kuanzia 2007. Imani kwamba kiungo cha mwenye ualbino huleta utajiri ilipata wasikilizaji katika machimbo ya dhahabu na kwenye mialo ya wavuvi. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni akizungumzia mauaji hayo. Machi, Rais Jakaya Kikwete akawataka wananchi wawataje wahusika kwa kura ya siri. Watoto wenye ualbino nao wakaanza kukusanywa ili walindwe. Buhangija, shule ya msingi ya mjini Shinyanga iliyokuwa ikiwahudumia wasioona, ikapokea wenye ualbino hadi wakafika mamia, wakilala wawili watatu kitanda kimoja.

Afisa ustawi wa jamii alikuwa wapi? Alikuwepo, lakini kama mkono wa Serikali, na hivyo ndivyo taaluma yake ilivyozaliwa. Mkoloni, ambaye tangu 1923 alikuwa na sheria ya kuwarudisha makwao mafukara wa mijini, alianza kazi za ustawi baada ya Vita ya Pili ya Dunia, akihangaika na askari waliorejea kutoka vitani. Baada ya Uhuru, Sheria Namba 26 ya 1973 ikaanzisha chuo cha taifa cha ustawi wa jamii, ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama. Miaka kumi baadaye ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na watu walioitwa wazururaji wakakamatwa mitaani Dar es Salaam na kupelekwa mashambani. Dola iliyomfundisha afisa kumsikiliza mnyonge ndiyo hiyo hiyo iliyomsomba mnyonge bila kumuuliza.

Afisa wa leo ameajiriwa na halmashauri, bosi wake ni mkurugenzi, na juu wilayani yupo mkuu wa wilaya. Sheria ya Mtoto ya 2009 imempa nguvu: achunguze hali ya familia, aandike taarifa, aombe amri ya mahakama. Lakini panapokuwa na hofu ya mapanga, agizo la mkubwa hutangulia na taarifa hufuata, kama itaandikwa.

Siwalaumu waliowakusanya watoto wale. Waliokoa maisha. Kosa ni kuwaingiza bila kupanga watakavyotoka. Hifadhi ya muda ikageuka kuwa ya miaka; wapo walioingia wadogo mno hata wakasahau kwao. Mwaka 2017 Ikponwosa Ero, mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ualbino, alizuru Tanzania na kuhimiza watoto hao warudishwe kwa familia zao.

Kuwarudisha nako si kumpandisha mtoto basi. Mei 2024, mtoto wa miaka miwili aliporwa nyumbani kwao wilayani Muleba na kuuawa, na baba yake mzazi akawa miongoni mwa walioshtakiwa. Barua ya mtendaji wa kijiji haitoshi kueleza nyumba ipi ni salama. Hilo hujulikana kwa kukaa na mama, kuzungumza na bibi na majirani, na kurudi tena baada ya mwezi. Ndiyo kazi ambayo afisa ustawi alisomea.

Halmashauri za Chato, Geita na Shinyanga zimpe afisa huyo usafiri na muda wa kufika kijijini kabla mtoto hajaondolewa na baada ya kurudishwa. Na akisema hapana, mkuu wa wilaya amsikilize.