Risasi Isiyolia: Habari za Mazoezi ya Bunduki, Tangu Gobori za Buha

Wasikilizaji wetu, watu wakisimulia habari za vita husimulia ngurumo za mizinga na milio ya bunduki. Ni nadra kumsikia mtu akisimulia risasi isiyolia. Na hali hakuna askari aliyefundishwa vema ambaye hakuanza na hiyo: akaishika kwa vidole, akaitia katika bunduki, akalenga shabaha, akafyatua, asisikie ila mgongano mdogo wa chuma kwa chuma. Jioni hii twataka kunena juu ya risasi hizo za bandia, na juu ya watu wa Kibondo na Kasulu waliozishika.

Huku kwetu Buha silaha ya asili ilikuwa mkuki na upinde. Gobori zilifika pamoja na misafara ya biashara iliyopita Ujiji katika karne ya 19, na hata baada ya misafara kwisha zilibaki mikononi mwa wawindaji wa porini na wa kando ya mto Malagarasi. Gobori haitumii kiasi, yaani ganda la shaba lenye baruti na risasi pamoja, kama bunduki za siku hizi. Mwenyewe humimina baruti mdomoni mwa mtutu, akaishindilia kwa mdeki pamoja na kitambaa, akatia risasi au vipande vya chuma, akashindilia tena. Mwisho huvika fataki juu ya kichuchu cha chuma kilicho chini ya nyundo. Ubaya wake ni huu, ya kuwa ukiitazama kwa nje huwezi kujua kama imeshiba au ina njaa.

Wawindaji wazee walikuwa na dawa mbili. Kwanza walikata alama mbili katika mdeki, moja ya mtutu mtupu na moja ya mtutu uliojazwa. Mdeki ukitumbukizwa, alama husema kweli, hata mwenye bunduki akiwa amesahau. Pili, kijana aliyejifunza kulenga hakupewa fataki. Alikatiwa kipande cha ngozi ngumu, kikawekwa juu ya kile kichuchu; nyundo ikaipiga ngozi, chuma kisiharibike wala cheche isitoke. Kwa maoni yetu kipande hicho cha ngozi ndicho babu wa risasi zote za bandia. Mafundi wa Ulaya nao walikitumia zamani za bunduki za namna hiyo hiyo, wala hapana sababu ya kudhani kwamba mmoja alimfundisha mwenzake. Shida ni moja, na ngozi hupatikana kila mahali.

Tulipokuwa watoto jirani yetu mmoja alikuwa na gobori ukutani. Siku moja mwanawe mkubwa aliitungua awaonyeshe wenzake namna ya kulenga. Akasema, 'Haina kitu.' Mdeki ulikuwa umesimama pale pale pembeni, wala hakuutia. Mdogo wake alizikwa kesho yake chini ya mgomba, na baba yao hakwenda kuwinda tena. Tangu siku ile neno hilo 'haina kitu' hatulipendi, hata likisemwa juu ya chungu.

Sasa tuje kwa Wadachi. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, askari wao wengi wa Afrika ya Mashariki walikuwa bado na bunduki za namna ya mwaka 1871, zenye baruti nyeusi. Kila askari alipopiga, wingu la moshi lilimfichua alipo. Novemba 1914, katika vita vya Tanga, waliteka bunduki mamia kadhaa na risasi zaidi ya nusu milioni zilizoachwa na Waingereza, lakini bahari ilikuwa imezibwa na manowari, wala nchi haikuwa na kiwanda cha risasi. Basi Aprili 1915 ikaja meli iitwayo Rubens, imejibadili jina kuwa Kronborg na kupandisha bendera ya Denmark. Manowari ya Kiingereza, Hyacinth, ikaikuta katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, tarehe 14 Aprili. Nahodha wake akaingiza maji melini kusudi, na juu akawasha moto, hata Waingereza wakadhani imekwisha. Walipoondoka, shehena ikaanza kutolewa majini.

Risasi zilikuwa mamilioni, lakini zimelowa maji ya chumvi. Ikawapasa kuzifungua moja moja, kuianika baruti, kubadili fataki zilizooza, na kuzifunga tena. Askari walikaa kazi hiyo miezi mingi, asubuhi hata jioni. Mkuu wao, Lettow-Vorbeck, ameandika katika kitabu chake jinsi zilivyogawanywa. Risasi za zamani, ambazo hazikuguswa na maji, ziliwekwa kwa ajili ya bombomu peke yake. Zile zilizotengenezwa upya, ambazo katika mia zilikataa kulia kama 20, ziliwekwa kwa vita. Zilizokataa zaidi ya hapo zikawa za mazoezi.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hilo. Kuruta amelala chini, amelenga, anafyatua. Safari hii bunduki inalia, safari ile inanyamaza, wala hajui mapema itakuwaje. Inaponyamaza, mwalimu aliye ubavuni humwona waziwazi akifumba macho na kusukuma bega mbele, kwa kuwa alikuwa akiungojea mshindo. Kosa hilo la kuogopa mshindo hufichwa na mshindo wenyewe. Likija kimya halina pa kujificha. Walimu wa bunduki wa mataifa mengi huchanganya kusudi risasi za bandia na za kweli wapate kuona kosa hili. Maji ya Manza yaliwachanganyia askari hao bila kuombwa. Ila somo hilo lilikuwa na hatari yake, maana fataki iliyolowa yaweza kukawia kidogo ndipo ilie, na mwenye haraka ya kufungua bunduki hupata taabu.

Vita vilifika Buha mwaka 1916. Wabelgiji waliteka Kigoma mwezi wa Julai, nchi yetu ikakaa chini yao mpaka Machi 1921, Waingereza walipoipokea. Waha wengi walivijua vita hivyo kwa mzigo kichwani kuliko kwa bunduki begani, na baadaye wengi zaidi walikwenda kukata mkonge. Lakini vita vya pili, vya mwaka 1939 hata 1945, viliita Watanganyika zaidi ya 80,000, na milima yetu ikatoa sehemu yake. Ndipo vijana wa Kasulu na Kibondo wakaingia King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, wakafundishwa bunduki ya Kiingereza ya kiasi cha .303.

Mzee mmoja wa upande wa Kasulu, aliyerudi kutoka Burma, alituonyesha namna zilivyotengenezwa kambini zile za bandia. Huchukuliwa ganda lililokwisha pigwa, ambalo fataki yake imekufa. Hutobolewa matundu ubavuni, kila mtu aone kwamba ndani hamna baruti. Mahali pa risasi hutiwa kijiti cha mti mgumu kilichochongwa kwa umbo lake, na nyuma, penye fataki, kipande cha ngozi au mpira ili msumari wa bunduki usipige chuma kitupu ukavunjika. Mwisho hupakwa rangi nyekundu. Risasi za mazoezi zilizotoka kiwandani nazo zilikuwa na mifuo yenye rangi nyekundu ubavuni, ijulikane hata kwa kupapasa gizani. Kwa hizo makuruta walijaza na kutoa, walijaza na kutoa, mpaka mikono ikajua yenyewe. Kisha mwalimu akaweka senti juu ya mtutu, karibu na mdomo. Kuruta akafyatua, na senti ikianguka akarudia.

Jambo ambalo mzee alilikazia zaidi ya yote ni mfuko. Ya bandia na ya kweli hazikulala katika mfuko mmoja, wala katika chumba kimoja, wala mikono mitupu ya mtu mmoja haikuzigawa zote siku moja. Kabla ya zoezi sajini alipita mbele ya mstari, kila askari akamfungulia bunduki, naye akatia kidole ndani. Hakuuliza kama ina kitu.

Yake mwenyewe alikuwa nayo bado, imefungwa katika kitambaa pamoja na nishani zake. Rangi nyekundu ilikuwa imekwisha, kijiti kimepasuka kidogo. Tulipoipokea mkononi, jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuigeuza na kuyatafuta yale matundu.