Saa tatu si saa tisa

Nilipotea kidogo. Nilikuwa likizo nyumbani Chimala, na jua la Usangu wenye kulijua mnalijua. Leo nina historia kidogo, na chanzo chake ni mdogo wangu wa darasa la saba. Septemba anafanya mtihani wa taifa, na nyumba nzima ina presha kuliko yeye.

Jioni moja kaniletea swali la majaribio alilokosa. Stendi ina mabasi ya njia tatu. Njia ya kwanza basi hutoka kila baada ya dakika 20, ya pili 30, ya tatu 45. Saa 12:00 asubuhi yametoka yote pamoja. Je, yatatoka pamoja tena saa ngapi?

KDS kaitafuta vizuri kabisa: dakika 180, yaani saa 3. Halafu kajumlisha 12 na 3, akapata 15:00, akaigeuza kama alivyofundishwa kwenye saa za mtindo wa 24. Saa 9 alasiri! Na saa 9 ilikuwepo kwenye machaguo, imekaa inamsubiri. Akasiliba.

Nilianza kucheka, halafu nikaona huruma. Saa yetu Waswahili inafuata jua: likichomoza tunamaliza 12 tunaanza moja. Ile ya mtindo wa 24 inaanza usiku wa manane, kwa hiyo saa 12 yetu ya asubuhi ni 0600, na jibu ni 0900, yaani saa 3 asubuhi. Mtoto anatembea na saa mbili kichwani, na 0900 yenyewe inafanana na saa 9! Tangu 2012 Baraza la Mitihani lilipoanza fomu za kusiliba kwa darasa la saba, kwenye swali la kuchagua mashine inasoma kile kivuli tu. Ile 180 yake haionekani popote.

Niliporudi chuo nikazama maktaba, maana nilitaka kumjua aliyeanzisha haya mateso (teh teh). Aliyeanzisha sikumpata, ila swali la ukoo huohuo lipo kwenye kitabu cha Mchina Zhang Qiujian, karne ya 5. Watu watatu wanazunguka njia ya mlimani yenye urefu wa li 325, li ni kipimo chao. Mmoja anakwenda li 150 kwa siku, wa pili 120, wa tatu 90. Watakutana tena lini pale walipoanzia? Jibu ni siku 10 na 5/6. Pigeni wenyewe: wa kwanza atakuwa kazunguka mara 5, wa pili 4, wa tatu 3. Miaka 1,500 hivi iliyopita, jamani!

Na hao Wachina ndio waliokuja kutujengea TAZARA inayopita huku kwetu. Makubaliano yalisainiwa 1967, ujenzi ukaanza 1970, ikakabidhiwa 1976, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Reli ni ya njia moja, hivyo treni zinazokuja uso kwa uso lazima zipishane stesheni. Mpanga ratiba akikosea hapati alama ya X, anapata ajali. Mwaka huohuo wa 1967 serikali ikaamua Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia shule za msingi zote, ndiyo maana mtoto wa Chimala anasema kigawe kidogo cha shirika bila kung'ata ulimi. Lugha tuliibadilisha. Saa ndani ya maswali tukaziacha mbili mbili, na sisi wa ualimu hatujawahi kukaa kulijadili darasani hata siku moja.

Turudi nyumbani. Siku moja kabla sijaondoka tulikuwa kwenye mfereji, zamu yetu ya maji. Zamu inatufikia kila baada ya siku 6, gulio ni kila baada ya siku 7, na siku hiyo vyote viwili viligongana. Nikamtega: vitagongana tena lini?

Hakushika hata kijiti.

"Wiki sita, kaka. Na siku hiyo mama hauzi nyanya, atakuwa huku kwenye maji. Labda niuze mimi, ila nitakuwa shule."